Kushona mikoba na mifarishi nyumbani kwa mabaki ya vitambaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara, yaulizwe Shangani ya Mtwara, Mikindani, Lindi mjini au Masasi. Wanaouliza wengi ni watu wanaoshona nyumbani, wenye cherehani moja au sindano ya mkono tu, na sanduku la vitambaa chini ya kitanda. Vipimo vyote ni kwa inchi, kama mafundi wetu wanavyopima. Mfarishi hapa ni lile tandiko la matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini mgongo.

## Kabla ya kushika mkasi

Nina sanduku limejaa vitambaa. Nianze na hivyo au ninunue vipya?

Anza na hivyo. Karibu kila nyumba huku kwetu ina akiba ya vitambaa: khanga zilizotolewa kwenye unyago wa binti wa jirani, vitenge vya sare ya harusi vilivyovaliwa mara moja, kitenge kilicholetwa zawadi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, jinzi iliyobana, pazia la zamani, khanga za kampeni za miaka iliyopita. Vitoe vyote juani, vitandaze mkekani, uvigawe mafungu kwa uzito, si kwa rangi. Rangi utazichagua baadaye. Kazi nyingi huharibika kwa sababu kitambaa kizito kimeungwa na chepesi: mshono unavutwa upande mmoja, na kile chepesi kinachanika pembeni mwa uzi.

Kitu kimoja tu nunua kipya, nacho ni uzi. Uzi uliokaa miaka kabatini unaoza taratibu. Uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, usiutumie kwenye kitu kitakachobeba mzigo.

Kitambaa gani kinafaa mkoba, na kipi kinafaa mfarishi?

Khanga ni pamba nyepesi. Inafaa sana kwa mfarishi na kwa bitana ya mkoba, yaani kitambaa chake cha ndani, lakini peke yake haiwezi kubeba kilo tatu za mihogo kutoka sokoni. Kitenge cha pamba kinafaa pande zote mbili, ndiyo maana kinatumika zaidi. Jinzi, kaki ya sare za shule na mapazia mazito viweke kwa ajili ya kitako cha mkoba na mikanda. Fulana ziache kwanza, kwa sababu zinavutika na zitakukatisha tamaa kabla hujazoea.

Tatizo ni kwamba si kila kitenge ni pamba. Vingi vinavyouzwa sasa vina nyuzi za plastiki ndani yake, na kwa macho huwezi kujua. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano juu ya beseni la maji, uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake linasagika vidoleni. Ya plastiki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kitenge cha plastiki kinafaa nje ya mkoba, tena hakipauki haraka, ila pasi ya moto itakikunja, na kwenye mfarishi kitakutoa jasho usiku kucha.

Ni lazima nifue kabla ya kukata?

Kwa mfarishi, lazima. Kwa mkoba utakaofuliwa, lazima vilevile. Khanga na kitenge vipya vina wanga wa kiwandani unaovifanya viwe vigumu dukani, na vikifuliwa vinarudi, yaani vinapungua. Ukiunga kitambaa kilichokwisha kurudi na ambacho hakijarudi, siku ya kwanza ya kufua mfarishi utajikunja mahali mahali na hautanyooka tena kwa pasi.

Loweka kila rangi nzito peke yake: nyekundu, nyeusi, bluu ya kiza. Tumia beseni la rangi nyepesi ili uone maji yanavyobadilika, kisha suuza hadi maji yawe meupe. Baada ya hapo bana kipande cha kitambaa cheupe kilicholowana juu ya hicho kilichofuliwa, kandamiza kwa pasi. Cheupe kikipata rangi, kitambaa bado kinachuja. Watu wanashauriana kutia chumvi na siki ili rangi ishike. Kwa rangi za kiwandani mbinu hiyo haiaminiki, kwa hiyo usikitegemee kitambaa cha namna hiyo kwenye mfarishi wenye nyeupe. Kitumie kwa mkoba wa rangi za kiza, au kipangie kazi nyingine.

Anika kivulini. Jua la pwani la mchana linapausha rangi, na kitambaa kilichopauka nusu kitaonekana wazi kwenye viraka.

Naogopa kukata khanga. Nianzie wapi, na jina lake nilifanyeje?

Itandaze uione yote kwanza: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ukikata miraba ovyo, jina litagawanyika kuwa herufi zisizo na maana na pindo litapotea. Ninavyopenda mimi ni kuanza kwa kutoa jina lote kama ukanda mmoja, kisha pindo kama kanda ndefu, halafu mji ndiyo uukate miraba. Pindo linapendeza kwenye ukingo wa mfarishi au mdomo wa mkoba. Jina linafaa kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, mahali mwenyewe atalisoma kila akichukua funguo.

Soma jina kabla ya kumpa mtu. Khanga nyingi zina mafumbo, na mkoba wenye fumbo la kumsuta jirani ukimpelekea mama mkwe utafahamika vingine kabisa. Hata kama wewe uliona maua tu, yeye atasoma maneno.

Mabaki zaidi nayapata wapi?

Kwa fundi cherehani wa mtaani. Mabaki ya kukatia magauni na madera hukusanywa kwenye kiroba na mara nyingi hutupwa au kuchomwa. Omba kwa heshima, peleka mfuko wako mwenyewe, na mwulize fundi akutengee mapande yanayozidi kiganja. Mitumba nayo ni chanzo kizuri cha jinzi na mashuka ya pamba.

## Vifaa na cherehani

Sina cherehani. Inawezekana?

Inawezekana, na mfarishi wa mkono una uzuri ambao wa cherehani hauna. Unahitaji sindano za mkono, uzi imara wa pamba, mkasi unaokata kweli, futi ya kupimia, chaki na kipande cha boksi gumu utakachokikata kuwa kipimo cha mraba. Viraka viunge kwa bandi fupi, yaani mishono ya sindano kuingia na kutoka kwa mstari, na kila baada ya mishono mitano sita rudisha mshono mmoja nyuma ili uzi usiteleze. Mikoba ni ngumu zaidi kwa mkono, hasa kwenye mikanda. Hapo mlipe fundi akupigie mistari hiyo tu, kazi nyingine ibaki yako.

Ya miguu au ya umeme?

Kwa nyumbani, ya miguu. Haisimami umeme ukikatika, inapenya jinzi kunjo nne ukiizungusha gurudumu taratibu kwa mkono, na mafundi wa kuitengeneza wapo kila soko. Ya umeme nyepesi za plastiki zinapendeza mezani lakini nyingi hazikusudiwi vitambaa vizito.

Yoyote utakayokuwa nayo, hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na chuma kinashika kutu haraka. Funika cherehani ukimaliza. Itie mafuta ya cherehani yenyewe. Mafuta ya kula na ya nazi yanaganda ndani na kuifanya iwe nzito. Ukishatia, shona mistari kadhaa kwenye kitambaa cha kutupa ili mafuta yaliyozidi yatoke. Sindano za akiba zihifadhi ndani ya kitambaa kilichoguswa mafuta kidogo.

Sindano namba ngapi, na uzi upi?

Kwa khanga na kitenge, namba 14. Kwa jinzi, kaki na kunjo nyingi, namba 16, na ukifika kwenye mikanda yenye jinzi ndani, 18. Khanga nyepesi sana inakubali 11. Badilisha sindano kila unapomaliza kazi kubwa, kwa maana sindano butu inasikika: inatoa mlio wa kugonga inapoingia kitambaani.

Uzi wa poliesta ndio wa mikoba, maana hauozi kwa jasho wala maji. Kwa mfarishi wa pamba, uzi wa pamba au wa poliesta mwembamba vyote vinafaa. Uzi mnene wa poliesta kwenye khanga laini unaweza kuikata khanga kabla ya uzi wenyewe kuchakaa.

Cherehani inaruka mishono, au uzi unajirundika chini. Nifanye nini?

Usikimbilie kugusa kikaza uzi. Toa uzi wote wa juu, inua mguu wa cherehani, upitishe upya tangu mwanzo. Uzi ukijirundika chini ya kitambaa, mara nyingi kosa liko juu: haukuingia vizuri kwenye visahani vya kukazia. Ikiwa inaruka mishono, angalia sindano. Imepinda? Ni butu? Imeingia hadi mwisho, na upande wake bapa umekaa inavyotakiwa? Baada ya hapo fungua sehemu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, utoe vumbi la nyuzi kwa brashi. Yote hayo yakishindikana, ndipo mwite fundi.

## Mikoba

Mkoba wa kwanza niushoneje?

Ushone wa sokoni, usio na zipu, wenye kitako. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mkoba wa namna hii ni kitu cha kila siku, kwa hiyo hata ule wa kujifunzia utapata kazi.

Kata vipande viwili vya nje, kila kimoja upana inchi 17 na urefu 18. Kata viwili vya bitana vya kipimo hichohicho. Mikanda miwili, kila mmoja upana inchi 4 na urefu 26. Kama unatumia kitenge kimoja kwa vyote, yadi moja na robo inatosha hata baada ya kufuliwa. Nafasi ya mshono iwe nusu inchi kila mahali.

Kwenye kona za chini za vipande vyote vinne, kata mraba wa inchi mbili na nusu. Weka vipande vya nje pande nzuri zikitazamana, shona mbavu mbili na chini, ukiziacha kona wazi. Sasa fungua kila kona, lingananisha mshono wa ubavu na mshono wa chini, ushone mstari mmoja wa kuiziba. Utapata kitako cha inchi 4. Bitana fanya vivyo hivyo, ila chini yake acha tundu linalopitisha kiganja. Ingiza mfuko wa nje ndani ya bitana, pande nzuri zikitazamana, shona mdomo wote, kisha vuta kila kitu kupitia lile tundu. Sukuma bitana ndani, piga pasi mdomo, zungusha mstari mmoja juu yake. Mikanda inakuja mwisho, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali linalofuata, na tundu usilizibe kabla ya hapo.

Kwa nini mikanda ya mikoba yangu inachomoka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mara nyingi ncha za mikanda zimebanwa tu kwenye mshono wa mdomo. Mzigo wote unaning'inia kwenye mstari mmoja wa uzi, na mstari huo ndio unaoachia.

Kunja mkanda mara nne kwa urefu ili uwe na upana wa inchi moja, na katikati ya kunjo tia ukanda wa jinzi. Piga mistari miwili, kila ukingo mmoja. Kunja ncha kwa ndani, kisha uulaze mkanda usoni mwa mkoba uliokwisha kugeuzwa, ncha zikishuka inchi mbili chini ya mdomo, inchi 4 kutoka kila ubavu. Kabla ya kushona, ingiza mkono kupitia lile tundu la bitana uweke kiraka cha jinzi kati ya bitana na kitambaa cha nje, sawasawa na hapo ncha itakapokaa. Shona umbo la mraba, na ndani ya mraba shona msalaba wa kona kwa kona. Anza na umalizie kwa kurudisha nyuma. Zungusha gurudumu kwa mkono unapovuka sehemu nene, ukienda kwa kasi utavunja sindano.

Ukimaliza, ziba tundu, ujaze mkoba mchele au mchanga, uuning'inize kwenye msumari usiku mzima. Ule wa kuuza usiufikishe kwa mteja kabla ya jaribio hili.

Mkoba wangu umelegea kama shuka. Nitaufanya usimame vipi?

Kati ya nje na bitana, tia kitu. Kuna kile kitambaa kigumu cha kutia kwenye kola za mashati, chenye gundi upande mmoja inayoshika kwa pasi. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kama hakipo, jinzi au pazia zito linafanya kazi ileile. Kwa mkoba wa ofisini, tandika kipande cha blanketi la zamani na kukipiga mistari ya mshazari pamoja na kitenge kabla ya kukata; mkoba unasimama na unakuwa mlaini mkononi. Boksi la karatasi kwenye kitako sikushauri, kwani likilowa linaoza na kunuka.

Zipu inanishinda.

Chukua zipu ya meno ya plastiki iliyo ndefu kuliko mdomo wa pochi. Ishone kwanza kwa bandi ya mkono, halafu kwa cherehani ukitumia mguu ule mwembamba wa upande mmoja. Isogeze kile kichwa cha zipu kisikae njiani unaposhona. Mwisho piga mishono kadhaa juu ya meno pande zote mbili, ndipo ukate kilichozidi. Kumbuka kuiacha zipu wazi nusu kabla ya kufunga mbavu, la sivyo pochi haitageuzika.

Magunia ya korosho yanafaa?

Yale ya juti yanafaa na yanapendeza yakichanganywa na kitenge. Lifue gunia, likaushe kabisa, ulipige nje kuondoa vumbi. Juti inachomoka nyuzi haraka, kwa hiyo pitisha mshono pembeni mwa mstari wa kukatia kabla ya kukata. Bitana ni lazima, maana vumbi lake haliishi. Viroba vya plastiki vinafaa kama bitana ya mfuko wa samaki, ila jua linavimeng'enya. Usiuache mfuko huo nje.

## Mifarishi

Mfarishi kwenye joto la Mtwara, wa nini?

Swali la haki. Desemba hadi Machi hutautaka mwilini. Lakini kipupwe cha Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma usiku, hata pwani watu wanajifunika, na ukipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala baridi si ya mchezo. Kwa pwani, shona mwepesi: viraka juu, khanga katikati, khanga chini. Huo unatosha kufunika kitanda mwaka mzima. Kwa Newala, tia blanketi katikati.

Nahitaji viraka vingapi kwa kitanda cha nne kwa sita?

Kitanda hicho ni inchi 48 kwa 72. Hesabu yangu ninayoipenda inaanzia chini, kwenye mgongo. Doti moja ya khanga, ukiunga zile khanga mbili kwa upande wa urefu, baada ya kufuliwa inakupa takriban inchi 57 kwa 81 au 82. Huo ni mgongo mzima bila kununua kitu kingine, na yale mapindo mawili yanayokutana katikati yanatengeneza ukanda mzuri.

Mgongo unatakiwa uzidi viraka kwa inchi moja na nusu kila upande. Kwa hiyo juu iwe inchi 54 kwa 78. Ukikata miraba ya inchi sita na nusu, na nafasi ya mshono robo inchi, kila mraba unabaki inchi 6. Safu 9 kwa 13, jumla miraba 117. Yadi moja ya kitenge cha upana wa inchi 45 inatoa miraba 30, hivyo vyote kwa pamoja ni yadi nne. Kwa mabaki utahitaji vipande vingi zaidi, lakini hesabu ya miraba ni ileile.

Kwa kuwa safu zote ni za idadi isiyogawanyika kwa mbili, ukipanga kiza na mwanga kwa kupishana, kona zote nne zitakuwa za aina moja. Kata 59 za kiza na 58 za mwanga, au kinyume chake.

Kona za viraka vyangu hazikutani.

Tatizo huwa kwenye kukata. Kipimo cha boksi kinaliwa na chaki na mkasi kadiri unavyokitumia, na mraba wa hamsini unakuwa mdogo kuliko wa kwanza. Kata kipimo kipya kila miraba ishirini hivi, au tumia kipande cha kigae kilichokatwa vizuri. Pili, shona safu moja moja, na ulaze mishono kwa pasi: safu ya kwanza yote kulia, ya pili yote kushoto. Safu zikikutana, mishono hiyo inakabana yenyewe na unaihisi kwa kidole. Bana kwa pini hapo hapo. Kitambaa usikivute; pasi nayo ikandamize bila kuisukuma, kwa maana kusukuma kunapindisha mraba.

Katikati niweke nini? Sufi inafaa?

Blanketi jepesi lililochakaa ndilo bora, halafu shuka la zamani la pamba au khanga kuukuu. Sufi kutoka kwenye msufi wa uani ni nzuri kwa mito, lakini kwa mfarishi hapana: ikilowa inajikusanya mabonge, haikauki vizuri, tena inashika moto upesi. Pamba ya kujazia inafaa tu kama utaishikiza kwa mistari ya karibu. Sponji iache kwa magodoro.

Matabaka matatu nayashikizaje bila kujikunja?

Sakafuni, si mezani. Tandika mgongo upande mzuri ukitazama chini, uuvute unyooke bila kutanuka, ubandike pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Laza tabaka la kati, kisha viraka. Piga bandi ndefu kwa uzi wa rangi tofauti kuanzia katikati kwenda nje, pande zote. Hapo ndipo unaweza kunyanyua.

Mistari ya kudumu nayo ianzie katikati. Nafasi kati ya mstari na mstari isizidi inchi nne. Kwa cherehani, refusha mshono kuliko ule wa kuungia, na ushone pembeni kidogo mwa mishono ya viraka, kisha mstari mwingine katikati ya miraba. Kwa mkono, bandi sawasawa inayopita matabaka yote. Anayeona hiyo ni kazi kubwa anaweza kufunga vifundo: uzi mnene upite matabaka yote kwenye kila kona ya mraba, ufungwe mara mbili, ukatwe. Mifarishi ya vifundo inadumu.

Ukingo namalizaje?

Kata kanda za inchi mbili na nusu za kitenge, ziunge kwa mshazari, zikunje katikati mara moja kwa urefu. Kwa mfarishi wa juu hapo, kanda saba zinazokatwa kwa upana wa kitenge zinatosha. Tenga robo tatu ya yadi. Shona kwa cherehani upande wa viraka, pindua nyuma, malizia kwa mkono. Ukingo ndio unaochakaa kwanza, na ukichakaa unabadilishwa bila kugusa kitu kingine.

## Hali zisizo za kawaida

Mama amefariki, ameacha khanga nyingi. Ndugu wanataka kila mmoja apate kitu.

Kwanza kaeni pamoja, mkubaliane ni zipi zisikatwe kabisa. Wengine wana khanga moja ambayo wangependa iwe nzima, na haifai ipotee kwenye mkasi wa mtu mwingine. Zilizobaki, gawa kila moja kwa idadi ya watoto, ili kila mfarishi uwe na vipande vya khanga zilezile. Majina yakate kanda kama ilivyoelezwa juu. Khanga zilizovaliwa miaka mingi zimelegea, kwa hiyo nyuma ya kila kipande shikiza marekani nyepesi (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) au shuka jembamba kabla ya kukata mraba. Usizifue kwa nguvu, na usifanye kazi hii kwa haraka ya kuwahi arobaini.

Mteja ameleta vitambaa vyake, nimeshona, amefua, vimechujiana. Nani analipa?

Makubaliano yafanyike kabla. Vitambaa vya mteja vifuliwe na ujaribu rangi kama ilivyoelezwa kwenye swali la kufua. Kinachochuja mwoneshe, akiwa yeye mwenyewe yupo au kwa picha ya simu. Akisisitiza kitumike, mwandikie kwenye risiti. Kama hukujaribu, jukumu ni lako.

Vitambaa vya madera na satini je?

Vinateleza na nyuzi zinachomoka. Vitumie kama bitana ya pochi ndogo, pasi iwe ya moto mdogo, na pembeni pitisha ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisichomoke. Kwenye mfarishi pamoja na pamba, usivichanganye.

Mfarishi umepata vidoa vya ukungu kabatini.

Ulihifadhiwa ukiwa na unyevu. Utoe nje, upige mswaki mkavu, ufue kwa sabuni, uanike hadi ukauke kabisa, hata tabaka la kati. Vidoa vya zamani vinaweza kubaki. Wakati wa masika usiufunge kwenye mfuko wa plastiki. Ufunge kwa shuka la pamba, na uutoe kupunga hewa kila siku ya jua.

Nipange bei gani?

Wengi wanauza kwa hasara kwa sababu wanasema kitambaa nilikuwa nacho. Kitambaa ulichokuwa nacho kikiisha utanunua kingine, basi kihesabu kwa bei ya kukinunua tena. Kwa mfano tu: kitambaa na bitana shilingi 4,000, uzi na sindano 500, saa tatu za kazi kwa 1,500 kila saa ni 4,500. Gharama imefika 9,000 kabla ya faida yoyote. Ukiuza 8,000 umemlipa mteja akuchukulie mkoba. Mfarishi wa mkono hesabu saa zake zote, na usione aibu kuitaja bei.

Nauzia wapi, na lini?

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapoanza na wakulima wakilipwa, ndio wakati wa vitu vya bei kama mifarishi. Likizo za shule, sherehe za unyago zikipamba moto, ni wakati wa mikoba ya zawadi. Agosti kuna maonesho ya Nanenane ya kanda yetu kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi. Fika na vitu vichache vilivyomalizwa vizuri kuliko rundo. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zipo Mtwara na Lindi kwa mafunzo na ushauri. Kama mko kikundi, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Nendeni na mkoba mmoja uliokwisha kuning'inizwa usiku mzima na mfarishi mmoja uliokwisha kufuliwa, ili anayewahoji aushike kwa mikono yake.